Spiriti Kwenye Dumu la Voahangy

Hapa Ifanadiana hakuna aliyemzidi Voahangy kwa kukeneka majani ya ravintsara, kuyapitisha mvuke hadi yatoe mafuta ya dawa. Hakuna aliyemzidi kwa kushuku watu pia. Mimi nilikuwa namletea majani, na kila mara alikuwa akitia mkono hadi chini ya gunia kuona kama nimelowesha ili liwe zito. Salamu baadaye.

Basi akaja Ndrianja, mnunuzi wake kutoka Antananarivo, amenuna.

"Dada, maabara wameyapima mafuta yako. Sineoli, ile inayofungua pua, ipo ya kutosha. Kafuri karibu hakuna, ndivyo inavyotakiwa. Lakini wamekuta spiriti."

"Spiriti? Ndani ya mafuta yangu?"

"Mtu anapunja na kujazia. Nikikuta tena, tusijuane."

Macho ya Voahangy yakaenda moja kwa moja kwa Mahefa, mchochea moto wake. Mahefa alikuwa mtu wa gongo la miwa, hilo halikuwa siri. Kuanzia siku ile ikawa kila asubuhi anamnusa mdomo kabla hajamruhusu kugusa kuni.

"Bosi, si uniweke tu ndani ya mtambo unikeneke, ujue nina nini!" Mahefa akasema. Sisi tukacheka. Voahangy hakucheka.

Dumu la mafuta alilihifadhi chumbani kwa mama yake, Bibi Kalozafy, kwenye kona ya kaskazini-mashariki, kona ya wazee wetu waliokwisha kufa. Nani angethubutu kuiba pale? Sasa akaongeza kufuli mlangoni, na ufunguo akauvaa shingoni. Jioni alitia mafuta kidogo kwenye chupa ya maji, akatikisa: maji yakabaki maangavu, dalili ya mafuta safi. Asubuhi akarudia, yakawa meupe kama maji ya mchele. Spiriti imeingia!

"Una ufunguo wa pili, mwizi wewe!" alimpigia Mahefa kelele mbele ya soko zima.

"Nimekuchochea moto tangu mumeo yu hai, leo mimi mwizi?"

"Toka!"

Alitoka. Hakuna mwenye mtambo aliyemchukua tena, maana neno mwizi lilimtangulia kila alikobisha hodi. Mwishowe akaenda machimbo ya yakuti, Ilakaka, akamwacha mkewe na mimba.

Voahangy akakeneka upya, peke yake, akafunga kufuli. Asubuhi nilipofika na majani nikamkuta amesimama mlangoni kwa mama yake, chupa mkononi, maji meupe tena. Bibi Kalozafy alikuwa amekaa kitandani, ana kichupa cha gongo mapajani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawapa wazee haki yao. Zamani ulikuwa unawamwagia mwenyewe. Siku hizi una haraka."

"Ndani ya dumu langu?"

"Sasa nimwage wapi? Kona yao umewawekea dumu. Nikafungua kifuniko, nikawaambia, wayabariki na mafuta ya mtoto."

Voahangy akakaa chini. Nilidhani atalia. Akanitazama mimi kwanza, kwa jicho lile lile alilotazamia gunia langu.

"Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia kwamba Mahefa si mwizi. Mkewe yuko hapo ng'ambo ya mto, nenda ukamwambie."

"Nitakwenda."

Dumu likahamishwa. Mafuta mapya yakaenda maabara, na Ndrianja akarudi anacheka, na zawadi ya kitambaa. Siku hiyo mke wa Mahefa alikuwa pale uani, amekuja kuomba kazi ya kuchambua majani, tumbo limemtangulia. Hakuwa ameambiwa kitu.

"Safi kabisa!" Ndrianja akasema kwa sauti. "Umeona, Dada? Ulipomtoa yule mwizi, mafuta yametakata."

Mwanamke yule akainamisha kichwa. Mimi nikamtazama Voahangy, nikangoja. Bibi Kalozafy naye alikuwa dirishani, anangoja.

Voahangy alikunja kitambaa kile vizuri, akakiweka begani.

"Asante," akamwambia Ndrianja. "Tumshukuru Mungu."