Injini ya Jeti ya Kihonda

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoifungulia biashara milango, Morogoro ilipata kila kitu isipokuwa kazi. Mitumba ilifika, kanda za video zilifika, sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua zilifika. Viwanda vilivyokuwa vikituamsha kwa king'ora vikanyamaza kimoja baada ya kingine ili, kama tulivyoelezwa, uchumi upate kupumua. Uchumi ukapumua. Waliokuwa wakifanya kazi humo nao wakapumua, wakiwa wamekaa barazani kwao mchana kutwa.

Ni wakati huo Bwana Ernest alipogundua kwamba shida kubwa ya taifa ni uhaba wa marubani.

Bwana Ernest alikuwa meneja wa ghala la shirika moja la umma hadi shirika lilipokufa. Alikodi ghala hilohilo kule Kihonda, akamlipa fundi achore mwewe ukutani, akaliita Chuo cha Anga cha Mwewe na yeye mwenyewe akajiita Mkurugenzi. Mwewe alitoka na shingo ndefu mno, kwa hiyo wapita njia wengine waliingia kuuliza bei ya bata mzinga. Lakini wanafunzi walikuja pia. Wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne, watoto wa watu waliopunguzwa viwandani, ambao waliona afadhali kiinua mgongo kiishie angani kuliko kilabuni.

Chuo kilikosa kitu kimoja kidogo tu, mtu anayejua ndege inarukaje. Mkurugenzi akamfuata Josephina Mkude nyumbani kwake Mafiga.

Josephina alizaliwa Mkuyuni, kwenye mashamba ya mananasi, akasomeshwa na masista, na akafundisha fizikia katika shule ya serikali hadi nywele zikaanza kubadilika rangi. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na kwa miaka mingi alifundisha umeme katika darasa lisilo na umeme. Alichora betri ubaoni, akachora balbu, kisha akawaomba wanafunzi waamini kwamba inawaka.

"Tuna maabara ya kisasa, Mwalimu," Mkurugenzi alimwambia.

"Na injini?"

"Ipo kwenye meli."

Neno maabara lilimlainisha. Aliacha kazi ya serikali, dada zake wakamshangaa, akaenda Kihonda. Maabara ya kisasa ilikuwa meza nne, ramani ya dunia, na picha ya ndege iliyokatwa kwenye kalenda. Josephina alitazama picha ile kwa muda, akavua saa yake, akaanza kufundisha.

Alianza na puto. Alilipuliza, akaliachia, likazunguka darasa zima likikoroma na kuangukia kichwani kwa Hatibu, kijana mrefu ambaye baba yake alikuwa mtu wa mitambo ya kufuma nguo. Kisha akachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, akalitoboa matundu mawili ya mshazari ubavuni, kila moja likitazama upande wake, akalitia maji, akaliziba, akalining'iniza kwa uzi juu ya jiko la mkaa. Maji yalipochemka, mvuke ukatoka kwa kasi na kopo likaanza kuzunguka lenyewe. Wanafunzi wakaacha viti, wakalizunguka jiko.

"Injini ya jeti ni ndugu wa hili kopo," alisema. "Hewa inaingia mbele. Mapanga yanaibana. Mafuta yanaingia, yanawaka. Hewa ya moto inatanuka, inatafuta pa kutokea, inachomoka nyuma. Njiani inazungusha mapanga mengine, na hayo ndiyo yanayozungusha yale ya mbele."

Magreth, binti mfupi aliyekaa mbele siku zote, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, ule moto unaisukuma hewa iliyoko nje, ndipo ndege inakwenda?"

"Hapana. Simama juu ya mkokoteni wenye mananasi, uyatupe nyuma kwa nguvu. Mkokoteni utakwenda mbele, hata kama nyuma hakuna anayeyadaka."

"Mananasi ya nani?" Hatibu akauliza.

"Ya baba yangu. Kaa chini."

Kwa wiki kadhaa Chuo cha Mwewe kilikuwa, bila Mkurugenzi kujua, mahali ambapo watu walijifunza. Kisha injini ikafika.

Ilifika kwa lori, imefunikwa turubai, na bahari yenyewe haikuwahi kuiona, maana ilitoka mtaa wa pili, kwenye kiwanda kilichokuwa kinauzwa vipande vipande. Josephina alilizunguka dude hilo mara moja. Kwa mbele lilikuwa na mapanga makubwa ya chuma. Kwa nyuma lilikuwa na mota, na kwenye mota palikuwa na waya.

"Mkurugenzi," alisema, "hili ni feni."

"Linavuta hewa mbele?"

"Linavuta."

"Linatoa nyuma?"

"Linatoa."

"Basi, Mwalimu, tofauti ni nini?"

"Moto. Injini ya jeti inachoma mafuta. Hili lilikuwa linawapoza watu jasho."

Mkurugenzi alicheka kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Akaagiza lipakwe rangi ya fedha, liwekwe juu ya toroli la ghala lenye magurudumu mapya, maana mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua chuo. Usiku ule Josephina alifikiria kuondoka, akakumbuka kwamba nafasi yake ya serikali ilikwisha kupata mtu. Asubuhi alirudi, akalitumia feni kufundisha nusu ya injini. Nusu nyingine aliichora ubaoni, kama zamani.

Siku ya uzinduzi turubai lilifungwa mbele ya ghala, viti vikapangwa, na meza kuu ikatandikwa kitambaa cheupe na soda. Injini ilisukumwa hadi mbele ya wageni, mapanga yakiwatazama usoni ili wayaone vizuri.

Josephina alimsogelea Mkurugenzi. "Lifungwe kwa minyororo, au lipigwe kabari kwenye magurudumu."

"Ni zito kuliko sisi wote, Mwalimu. Litakwenda wapi?"

"Upande ambao hewa haiendi."

Mkurugenzi alimshukuru kwa mchango wake, akabonyeza swichi.

Mwanzoni ilikuwa ngurumo ya kuridhisha. Mgeni rasmi alitabasamu. Kisha utepe wa uzinduzi ukavutika kuelekea kwenye mapanga, ukafuatiwa na hotuba ya mgeni rasmi, ukurasa kwa ukurasa, ambayo ilitokea upande wa pili ikiwa vipande vidogo. Wanafunzi wakapiga makofi. Makofi yalikuwa hayajaisha toroli lilipoanza kutembea.

Halikuwa na haraka. Lilikwenda kwa heshima, likinguruma, moja kwa moja kuelekea meza kuu. Wageni wa heshima walisimama, wakarudi nyuma hatua moja, halafu wakakimbia bila kufuata itifaki. Lilipokaribia meza, waya ukavutika, ukachomoka ukutani. Ngurumo ikakata. Toroli likaserereka kidogo lenyewe, likagonga meza, chupa za soda zikaanguka moja moja.

"Huo, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema akifuta jasho, "ndio tunaouita msukumo."

Mgeni rasmi alitoka nyuma ya kiti chake. Hakuwa tena na hotuba, kwa hiyo alilazimika kusema kitu cha kwake. "Nimejionea kwa macho yangu. Lingekuwa na mabawa, lingeruka."

Makofi yalikuwa makubwa. Yalipotulia, sauti ya Magreth ikasikika kutoka nyuma: "Mwalimu, ndege ya kwenda Ulaya inahitaji waya wa urefu gani?"

Josephina alimjibu Jumatatu darasani, akiwa ameufunga mlango.

"Chuo hiki hakitamrusha mtu yeyote," alisema. "Mnaotaka kuondoka ondokeni, mkadai ada zenu. Mkibaki, nitawafundisha fizikia na hesabu za kidato cha tano na sita, mfanye mtihani wa taifa kama watahiniwa wa kujitegemea. Ndege mtazikuta mbele, kama mtafika."

Hatibu aliondoka siku hiyohiyo akafungua kibanda cha kurekebisha feni, na kwa kweli alifanikiwa kuliko wengi wetu. Wengine walikwenda nyumbani wakalia na wazazi wao. Waliobaki hawakuwa wengi, na Josephina aliwafundisha miaka miwili, wa pili ukiwa katika ukumbi wa parokia, maana Mkurugenzi alikuwa amegundua kwamba shida kubwa ya taifa sasa ni uhaba wa wahudumu wa hoteli. Mwewe alipakwa rangi akawa jogoo kwenye sahani.

Magreth alifaulu, akaenda chuo kikuu, akasoma uhandisi. Miaka baadaye, akiwa fundi wa ndege uwanja wa Dar es Salaam, alimwombea mwalimu wake kibali cha kuingia karakana. Josephina, ambaye sasa alikuwa akifundisha katika shule ya parokia, alipanda basi la asubuhi, amevaa viatu vya kanisani.

Injini ilikuwa imefunguliwa ubavu, mabomba na nyaya nje kama utumbo.

"Shikamoo Mwalimu. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Mafuta yanawakia wapi?"

Magreth akamwonyesha kwa tochi. Josephina aliinama, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akapapasa chuma taratibu, ameyafumba macho.

"Ni pembamba," alisema mwishowe. "Nimekuwa nikipachora papana mno."

Alikaa pale hadi mlinzi alipokuja kusema muda umekwisha. Akanawa mikono yenye grisi, akarudi Morogoro na basi la jioni, maana kesho yake alikuwa na kipindi cha nyenzo, kidato cha pili.