Kibali Chenye Jina la Mwajiri

Nilifika Birmingham nikiwa mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo. Karatasi zangu zilipotoka zilikuwa na jina langu tu, na niliweza kufanya kazi popote. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo lililonipotosha.

Kanisani kwetu, Ladywood, barua za uhamiaji zililetwa kwa mzee wa kanisa ziombewe kabla ya kufunguliwa. Mzee huyo nilikuwa mimi. Niliweka mkono juu ya bahasha, nikaomba, nikairudisha. Kusoma kilichomo niliona ni kukosa adabu.

Dada mmoja Mkenya alikuwa mlezi mkuu katika nyumba ya wazee huko Kingstanding. Alikuwa na kibali cha kazi. Kwa sheria ya wakati ule, akitimiza miaka minne angeomba ukaazi wa kudumu, kisha amlete binti yake aliyebaki Nakuru kwa bibi. Kitanda cha mtoto alikwisha kununua; kilijaza nusu ya chumba chake, shuka limetandikwa.

Mwaka wa tatu alinijia baada ya ibada.

"Mzee, bosi ananipangia kazi kila Jumapili. Nitasahau hata Baba Yetu!"

"Utaisahau vipi, nawe unaisali upesi kuliko mchungaji?"

Alicheka, kisha akashusha sauti. "Yule ndugu yetu wa Acocks Green amefungua nyumba ya wazee. Ananiita, na Jumapili atanipa. Lakini kibali je?"

"Si umekwisha kupewa? Kazi ni ileile. Nenda, mwanangu, umwabudu Mungu wako."

Tukaomba. Akahama. Kwa mwaka mzima hakukosa ibada hata moja, nami nilimtazama pale mbele akiimba, nikamshukuru Mungu.

Miaka minne ilipotimia alipeleka maombi ya ukaazi. Jibu lilipokuja aliniletea bahasha kama kawaida. Niliiombea, akaifungua mbele yangu, akasoma kimya, kisha akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Kibali kilikuwa cha mwajiri wa kwanza na kwa kazi ile tu. Mwajiri mpya alipaswa kumwombea kingine kabla hajaanza. Ndugu yetu hakuomba. Naye aliamini kama nilivyoamini mimi. Mwaka ule wa Acocks Green ukahesabiwa kuwa kazi bila ruhusa. Ukaazi alinyimwa.

Mwanasheria alisema mambo mengi, mwishowe akasema arudi kwao.

Siku ya kuondoka nilikwenda chumbani kwake Kingstanding. Mabegi yalikuwa mlangoni.

"Kitanda hiki mkichukue, Mzee. Kiwe cha watoto wa kanisa."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuambia uhame."

"Nami ndiye niliyehama. Niombee safari, teksi inakuja."

Niliweka mkono kichwani pake. Maneno niliyoyasema maisha yangu yote hayakuja. Alingoja, kisha akaushika mkono wangu akaomba yeye. Alimshukuru Mungu kwa zile Jumapili. Akamshukuru kwa ajili yangu pia, na hapo nilitamani anyamaze.

Mungu amenitendea mema mengi katika mji huu, na sikuacha kumshukuru. Bahasha bado wananiletea. Siku hizi naomba zifunguliwe kwanza, nami navaa miwani. Kitanda kiko chumba cha nyuma cha kanisa. Watu huweka makoti juu yake.