Beti Zilizosubiri Jibu

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji wanamwita Bi Vidole, kwa sababu kila shairi likitua mezani pake hulihesabu mizani kwa vidole, mbele za watu, bila haya. Ana miaka ishirini na sita ya kusoma prufu, zile nakala za kusahihishwa, na hajawahi kupitisha ukurasa bila kuuona mswada wenyewe. Meneja humwona msumbufu. Na amwone.

Asubuhi hiyo alikuja fundi saa mmoja, aliyefiwa na mkewe miezi miwili nyuma. Mpwa wake alikuwa ameshalipiga chapa shairi la marehemu, beti tatu, akalipa kichwa "Kilio cha Mke" na kulizungushia mstari mweusi. Familia ilitaka nakala arobaini.

"Mama, kabla hujalipitisha," fundi saa alisema, "niambie ukweli. Alikufa ana kinyongo na mimi?"

Bi Vidole akasoma mwanzo wake:

*Ya nyumbani yazubaa, saa za watu watunza,*
*Nijibu, fundi wa saa, ni lini utanitunza?*

"Yanachoma, sikatai," alisema, vidole vikicheza juu ya meza. "Lakini sikiliza mwendo wake. Nane, nane, tena nane. Vina havijateleza hata kimoja. Mwenye kinyongo hana subira hiyo, baba. Huyu ametulia, anakuchokoza. Daftari lake liko wapi?"

Fundi saa alilitoa mfukoni mwa koti. Bi Vidole alilifungua, akaangua kicheko hadi mashine ya jirani ikazimwa. Marehemu alikuwa amezipa beti zake namba: moja, tatu, tano. Chini ya kila ubeti aliacha mistari minne mitupu. Yule mpwa, kwa usafi wake, alikuwa ameziba mapengo yote na kuandika moja, mbili, tatu.

"Mimi niliona kama aliishiwa nguvu," fundi saa alisema.

"Kuishiwa nini! Haya ni malumbano ya kishairi, ubeti kwa ubeti. Hizi zake, hizi tupu zako. Kwani hamkuwahi kujibizana?"

Fundi saa aliketi kwenye marundo ya karatasi. "Wakati wa uchumba, kila barua. Mimi ndiye niliyeacha kujibu."

Akalia. Bi Vidole alimwacha alie, maana ilikuwa haki yake. Wakati huo alichukua kalamu nyekundu, akafuta Kilio, akafuta na ule mstari mweusi, akarudisha namba mahali pake. Kisha akamwekea daftari magotini.

"Ubeti wa pili ni wako. Mashine itasubiri."

"Mizani nimeshasahau, mama."

"Vidole si unavyo?"

Fundi saa aliitazama mikono yake, ile iliyofungua saa za mji mzima. Akasema polepole:

"Nilidhani tuna muda."

Bi Vidole alihesabu kidole kimoja kimoja, ingawa alishajua. Nane.

"Imekaa sawa," alisema, akimpa kalamu. "Haya, kipande cha pili."