Ufagio Chini ya Mizabibu

Nikifikicha jani la kunde kiganjani, harufu yake mbichi hunirudisha Jilore, kwa Shangazi Kadzo, nilikokuwa nikikaa likizo. Nilikuwa na miaka tisa na ufagio wa chelewa mkononi. Nakuambia haya kwa aibu, maana mpaka leo mimi ni mtu wa kurudia mara tatu kitu kilichokwisha kuwa sawa. Siku zile nilifagia uwanja kinyumenyume ili nifute hata nyayo zangu, ibaki mistari ya chelewa peke yake.

Shangazi alikuwa na mizabibu mitano, na hakuitia dawa wala mbolea ya dukani. Minne ilisimama kwa mizizi yake yenyewe. Wa tano aliuunga juu ya shina la mzabibu mwitu, nene, lenye magamba, ambalo mimi niliona linatia aibu. Chini ya yote alipanda kunde, zikatambaa mpaka hupati pa kukanyaga.

Shamba lilikuwa la marehemu mumewe. Shemeji yake, Baba Karisa, alikwisha kusema: mizabibu isipozaa mwaka huu, panarudi mahindi. Kila akipita alimchokoza.

"Kadzo, hapa unalima au unafuga nyoka?"

"Nafuga, shemeji. Ingia ukawasalimu."

Shangazi alicheka. Mimi nilikereka. Alipokwenda matangani Malindi siku mbili, nilizing'oa kunde zote, nikafagia chini ya mizabibu mpaka mchanga ukawa kama uwanja wa harusi. Nikasimama, nikajipongeza.

Aliporudi aliweka kikapu chini polepole. "Mwanangu," akasema, "umeuvua udongo nguo."

Jua la wiki zile halikuwa na huruma. Mchanga uliotuchoma nyayo ulichoma na mizizi ya juujuu. Ile minne ikanyauka, vishada vikakauka vikiwa vichanga. Ule wa shina baya, uliozamisha mizizi yake mbali, ukashikilia vishada vitatu.

Baba Karisa akaja kutazama. "Nani kafanya hivi?"

Niliuficha ufagio mgongoni.

"Nilifagia mimi," alisema Shangazi, akamkatia kishada. Shemeji akala, akatema mbegu, akala tena.

"Haya. Nakupa mwaka mmoja."

Mwaka huo Shangazi alipanda upya minne, yote juu ya shina la mwitu. Kunde nilizipanda mimi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba alidanganya kwa kunipenda, na uongo ule nikaubeba kama deni langu. Nilipoanza mizabibu yangu, nikijifunza kwa kukosea, nilimwendea nikamwomba radhi kwa uongo ule alionisemea. Alinishangaa.

"Uongo gani? Nilikwambia lini kunde zile zina kazi gani? Kila asubuhi nilikusifu kwa kufagia, basi. Aliyefagia ni mimi."

Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikingoja msamaha kwa mtu aliyekuwa akijilaumu mwenyewe.