Fungua Nikiona

Kwetu Morogoro bia haifunguliwi kaunta. Hata mlevi wa Msamvu aliyekwisha kuanza kuona mbili mbili atakwambia, lete hapa, fungua nikiona. Lakini mtu huyo huyo mvalishe koti, mpeleke hoteli yenye vitambaa mezani, umletee waini kwenye glasi asiyojua imemiminwa kutoka chupa gani, atakunywa na kushukuru juu. Ujinga huu siuvumilii.

Yule aliyetaka kunioa alinipeleka hoteli ya namna hiyo mchana wa Alhamisi. Washenga wake walikuwa waje nyumbani Matombo Jumamosi na barua ya posa, na mimi moyoni nilikuwa bado najiuliza kama ni mtu wa kuishi naye. Hakuniuliza nanywa nini. Aliagiza glasi mbili za waini nyekundu, akaegemea kiti kama mkuu wa wilaya.

Nilinusa tu, nikajua: siki. Kabla ya ualimu nimefanya kazi kaunta miaka mitatu, chupa iliyokaa wazi hainidanganyi. Isitoshe, pale bei ya glasi tatu ilinunua chupa nzima. Nikamwita mhudumu, binti mpole, nikamuuliza taratibu ile chupa imefunguliwa lini. Akatazama chini, akasema tangu Jumapili. Nikamwomba azirudishe zile glasi, atuletee chupa ya waini ya Dodoma iliyozibwa, aifungue hapo hapo mezani. Akakubali bila ubishi.

Mwenzangu akazifunika glasi kwa viganja. Akaninong'oneza, meno yamekazana, kwamba meza ya pili kuna watu wa ofisini kwake, na mke mtarajiwa hapaswi kuvutana na wahudumu.

"Imeharibika," nikamwambia. "Onja mwenyewe."

"Najua imeharibika. Kunywa, usiniaibishe."

Eti anajua! Alikwisha kuonja, akameza, na mimi alitaka nimeze, mradi watu wa ofisini wasigeuze shingo. Nilimchukia pale pale, wala sioni haya kusema. Leo siki, kesho sijui ningemezeshwa nini, tena ndani ya nyumba, hakuna wa kumwita.

Binti alikuwa bado amesimama na sinia lake. Nikamwomba radhi yeye, nikachukua mkoba, nikatoka. Kwenye ngazi za hoteli nikampigia mama simu. Nikamwambia Jumamosi asichinje kuku, hakuna mgeni anayekuja.