Opereta na Nambari Mpya

Opereta wa kituo chetu cha simu pale Nyamira alikuwa na vidole vya mchuma chai: haviangaliwi, na havikosei. Mkono mmoja ulichomeka nyaya, mwingine ulikuwa kwenye karanga. Sauti yake ya nyumbani, ya Kigusii, ilisikika ng'ambo ya bonde. Akishavaa spika za masikioni juu ya kitambaa cha kichwa, ilishuka ikawa ya kanisani. "Nambari, tafadhali?" Ukiitaja tu, alikujibu kabla ya kuunganisha: "Huyo hayuko dukani, baba. Leo ni siku ya soko kule Birongo. Jaribu jioni."

Nambari za zamani zilipokwisha na watu bado wanaomba simu, ikaletwa mitambo ya kujipigia, na kila mtu akapewa nambari mpya, ndefu zaidi. Kwa muda mitambo yote miwili ilifanya kazi pamoja. Haresh wa duka la mabati alikuwa na simu mpya mezani, lakini aliendelea kuzungusha ile kuukuu ya kumwita opereta.

"Bwana Haresh, si ujipigie mwenyewe?"

"Nikijipigia, mama, nani ataniambia kama mtu yuko?"

Opereta alicheka mpaka karanga zikamwagika, kisha akamuunganisha.

Siku ya kung'oa nyaya za zamani, fundi alimpa opereta heshima ya kupiga simu ya kwanza kwa mitambo mipya peke yake. Akainua mkono wa simu, akasikia ule mlio mrefu usiokoma. Tukangoja abonyeze. Akaweka kitambaa sawa, akaushushia mlio sauti ya kanisani: "Nambari, tafadhali?"

Tuliangua kicheko. Yeye alikuwa bado anasubiri jibu.