Namba ya Kadi Isikudanganye

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile mtaani kwetu Katoyi, Goma, dada yangu Kavira alipotaka kuitupa kompyuta yake barabarani. Hata leo nikiifikiria, kichwa kinaniuma.

Kavira alitengeneza video za harusi. Mkononi alikuwa na video ya bibi harusi Furaha, ambaye baba yake alikuwa mgonjwa kule Vitshumbi na hakuweza kufika Goma. Kila asubuhi mzee alipiga simu: "Mama Kavira, harusi ya mutoto wangu nitaiona lini?"

Ili amalize upesi, dada akauza kadi yake ya picha, kile kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora video. Ilikuwa 970. Akanunua mpya, 1030. Wewe ungefanyaje? Namba si imepanda? Basi video ikawa inakwama kila akiigusa. Tukarudi dukani.

"Lakini mama, 1030 haipite 970?" muuzaji akashangaa.

"Inapita kwa hesabu ya masomo!" dada akafoka.

Tukaenda kwa Papa Bahati, jirani mwenye chumba cha michezo ya kompyuta, aliyeinunua ile ya zamani. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Namba za mwanzo ni kizazi. Mbili za mwisho ndiyo nguvu. Yako ni ya kizazi kipya, cha 10, lakini 30 ni kadogo kabisa katika kizazi hicho. Ile uliyoniuzia ni 70."

"Sasa kwa nini hawaandike hivyo?"

"Waulize wao, mama. Miye nimechoka."

Kadi hakuirudisha, ila alimpa dada kiti mbele ya kompyuta yenye ile 970. Kavira akaimalizia video humo, katikati ya vijana wanaopigia skrini kelele. Niliwaomba wanyamaze. Nani alinisikia? Ilipokwisha, dada akaituma kwa simu mpaka Vitshumbi.

Mzee akapiga simu tena. "Nimemuona anacheza. Ngoja, usikate, wanairudisha mwanzo."

Wiki iliyofuata tulikwenda kumzika.

Ndiyo maana bado nina hasira, mwanangu. Majina ya vitu hivi yalikaribia kumnyima baba harusi ya binti yake. Kwa hiyo usinunue kadi kwa ukubwa wa namba. Tazama zile mbili za mwisho, uliza kizazi, na kama kuna herufi nyuma yake, uliza nayo inasema nini. Kisha muuzaji aiwashe na kuijaribu kwa kazi yako mwenyewe, uone, ndipo utoe pesa. Akikataa, toka.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa kuuliza. Na hao wanaopanga hizo namba, awape huruma. Amina.